Meza ya Ulimi

“Nipeni irabu moja tu,” Zabroni alizoea kutangaza, mguu mmoja juu ya benchi na bakuli la supu mkononi, “moja tu, wala sihitaji neno zima, nami nitamwambia mtu kazaliwa mtaa gani na jana mama yake kaunguza nini jikoni. Sikio hili halijawahi kudanganywa. Mtu wa Uwandani hawezi hata kupiga chafya karibu yangu nisimjue.”

Waliokuwa wakinywa supu walicheka, tena walicheka kwa bidii. Zabroni alikuwa mpimaji wa Lango la Matamshi, na katika jiji la Kilele hakuna aliyetaka kuonekana hajacheka mzaha wa mpimaji. Ni Chande peke yake, mwenye supu, aliyethubutu kumjibu.

“Sikio lako hodari, mdogo wangu. Tatizo jino. Hilo kongoro unalitafuna tangu jua linachomoza na bado linakushinda.”

“Kongoro lenyewe la Uwandani, ndiyo maana gumu.”

“La Uwandani lingekosa maji ya kuchemshia, nawe ungekunywa nini? Mfupa?”

Wakacheka tena, safari hii kicheko cha kweli. Zabroni akafuta mdomo, akaingia kazini, na kabla supu haijatulia tumboni alikuwa amekwisha kumshusha mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa mabomba. Nusu ya mabomba ya Kilele alikuwa ameyashika kwa mikono yake, na siku hiyo meza ya kupimia ndimi ikamkuta na irabu saba. Akapigwa pini ya ulimi kama ilivyo sheria, akapelekwa kwenye winchi ya kuteremkia Uwandani. Pini ile ni kipande kidogo cha chuma kinachoupigilia ulimi katikati ya kinywa: usipande, usishuke, usiende mbele wala nyuma. Mtu aliyepigwa pini hana tena i wala u wala a. Ana mguno mmoja tu wa katikati, ambao hata herufi yake haipo, na kila neno atakalosema litavikwa mguno huohuo. Fundi alisimama mlangoni mwa winchi akitaka kuwaita wanawe kwa majina. Alikuwa na watoto wengi. Majina yote yakatoka jina moja.

“Sikusikii, kaka!” Zabroni alimpigia kelele, kisha akauiga mguno ule, akaurefusha, akautia mkogo kidogo. “Unaita watoto au unaita mbuzi?”

Walinzi walishika mbavu. Winchi ikashuka.

Kilele hakukuwa na funguo za nyumba. Milango ilisikiliza. Mabomba yalisikiliza, jiko lilisikiliza, hata choo cha sokoni kilitaka kwanza kusikia unasema nini. Maji hayakutosha, wakubwa walisema, na lazima iwepo njia ya kumjua wa hapa na asiye wa hapa. Cheti hughushiwa, sura hufanana, lakini ulimi, walisema, hauwezi kuhama kwao. Kwa hiyo wakaiweka irabu mlangoni iwe mlinzi.

Mambo yenyewe si magumu; watoto wa darasa la nne waliyaimba huku wakiruka kamba. Irabu huulizwa maswali matatu. Ulimi umeinuka kiasi gani: juu, kati au chini? Umeinuka sehemu gani: mbele, karibu na meno, au nyuma, kule koo linakoanzia? Na midomo je, imetandazwa kama ya mtu anayepigwa picha, au imeviringwa kama ya mtu anayepuliza chai ya moto? Ukisema i, ulimi uko juu, mbele, midomo imetandazwa. Ukisema u, juu, nyuma, midomo duara. Ukisema a, ulimi umelala chini kabisa kama mbwa wa saa nane mchana. E na o zimekaa kati, moja mbele, moja nyuma. Nukta tano, na ukiziunganisha unapata umbo kama kikapu kilichochanua juu na kubana chini. Hao ndio watu wa Kilele.

Watu wa Uwandani walikuwa na nukta saba. Walikuwa na e mbili, moja ya juu kidogo na moja ya chini kidogo, na o mbili vivyo hivyo. Kwa ajili ya nukta mbili hizo za ziada, mtu hakuwa na haki ya kunywa maji.

*

Kila asubuhi Kilele iliamshwa na sauti ya Nyamizi. Ilitoka kwenye vipaza sauti vya kila mtaa, ikisema maji ni zamu ya nani, na watu walipenda sauti hiyo hata siku ambayo zamu haikuwa yao. Shule ziliirekodi ili watoto wajifunzie matamshi. Zabroni aliipenda sauti kabla hajaiona sura, na alipoiona sura akaona amepata vyote viwili. Mahari ilikwisha kuzungumzwa.

Siku hiyo, Ijumaa, alimfuata kwenye chumba cha matangazo, chumba kidogo kilichovishwa magodoro ukutani ili sauti isitoke nje. Alikuwa na habari njema.

“Meza mpya imefika!” alisema. “Ile niliyokuwa naililia. Jumatatu tunaanza na wafanyakazi wa jiji, na unajua wa kwanza ni nani? Sauti ya Maji mwenyewe. Nimekuombea heshima hiyo kwa mdomo wangu.”

Nyamizi alizima kipaza sauti, akakitazama muda kidogo kana kwamba huenda kikajiwasha chenyewe.

“Umenawa mikono?” akauliza.

“Nimenawa nini?”

“Mikono, Zabroni. Nataka utie kidole kinywani mwangu.”

“Bibie, ni saa sita mchana na tuko kazini.”

“Kanawe.”

Alikwenda akanawa, anacheka peke yake. Aliporudi Nyamizi alikishika kidole chake, akakilaza juu ya ulimi wake, nyuma kidogo, akasema, “Oo.” Zabroni alisikia mgongo wa ulimi ukiinuka na kusimama. O safi, o ya kufundishia shule.

“Oo,” akasema tena.

Sauti ilikuwa ileile. Zabroni angeapa mbele ya mahakama kwamba ni ileile. Lakini safari hii ulimi ulikuwa umesimama chini zaidi, chini sana, na kilichofanya kazi ni midomo: ilikuwa imekaza duara mpaka ikambana kidole. Alichokosa ulimi, midomo ilikuwa ikilipia.

Akachomoa kidole kama mtu aliyegusa pasi.

“Ipi ndiyo yako?” aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

“Zote mbili. Kwetu zilikuwa mbili. Hapa nimezivisha nguo moja.”

“Kwenu wapi?”

“Unapajua.”

Akamweleza kwa maneno machache, kwa sauti ileile ya kutangaza zamu. Shangazi yake alimpandisha Kilele akiwa mtoto, ndani ya pipa tupu la mafuta ya kupikia, magoti yamegusa masikio. Huko ndani ya pipa ndiko alikoanza mazoezi. Alijifunza sauti za watu wa juu kwa kuziiga, kama wewe unavyoiga mlio wa kunguru: hujali kunguru anafanyaje, unajali mlio. Meza za siku zote zilisikiliza sauti tu. Akapita kila mwaka, na kila mwaka wakamsifu.

“Meza mpya haisikilizi,” alisema. “Inaangalia. Si ndivyo ulivyonieleza kwa furaha?”

Ndivyo. Meza mpya ilikuwa na kikombe kinachobanwa chini ya kidevu, na kikombe kilirusha mawimbi yaleyale ambayo madaktari hutumia kumwona mtoto tumboni, ukauona ulimi wenyewe ukipanda na kushuka kwenye kioo.

Zabroni aliketi. Kilichomuuma kwanza, ni aibu kukisema lakini ndivyo ilivyokuwa, hakikuwa hatari ya mwanamke aliyempenda. Kilikuwa sikio lake.

“Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unanicheka.”

“Muda wote huu nilikuwa nakupenda. Kucheka nilicheka mara chache.”

Sheria ilimtaka Zabroni atoke pale amwite mlinzi, na mlinzi alikuwa hatua chache tu nje ya mlango.

“Umelifikiria,” Nyamizi alisema.

“Nini?”

“Kunipeleka. Nimekuona usoni.”

“Nimelifikiria kidogo tu.”

“Basi nashukuru kwa hicho kidogo.”

Hapo ndipo Zabroni alipotafuta njia, na kwa kuwa alikuwa mjuzi wa kazi yake, aliipata upesi. Meza haijui kusema. Kabla ya kupima watu lazima ifunguliwe, yaani mpimaji ajibane kikombe kidevuni mwake, atamke pembe tatu, i na u na a, nayo meza ichore fremu kwa kufuata ulimi wake. Taya kubwa na taya ndogo meza hujua kuzisawazisha yenyewe. Lakini juu ni wapi na chini ni wapi, hilo huambiwa na mpimaji. Akisema a kwa kuangusha taya kupita kiasi, sakafu ya fremu inashuka. Sakafu ikishuka, chumba cha kati kinakuwa kirefu. Na katika chumba kirefu, e mbili za Nyamizi zitalala pamoja kama e moja, na o vilevile.

“Na a yangu?” aliuliza Nyamizi, ambaye naye hakuwa mjinga. “Nikiisema kawaida si itaning'inia juu ya hiyo sakafu yako?”

“Ndiyo maana hutaisema kawaida. Ukifika kwenye a, fungua mdomo kama unang'olewa gego.”

“Na watu wengine watakaopimwa kwa fremu hiyo?”

“Hakutakuwa na wengine. Mchumba wa mpimaji hupimwa peke yake, kisha meza inafungwa. Ni utaratibu.”

Alisema neno utaratibu kwa imani kubwa. Mchana wote uliobaki walikaa ndani ya magodoro yale wakifunguliana midomo kama vifaranga.

*

Jumatatu Zabroni alifungua meza mbele ya Mama Ndimbo, Mkuu wa Lango, mwanamke mnene wa kanga mbili ambaye ufunguo wa meza ulikuwa ukining'inia shingoni pake. Mpimaji huifungua meza kwa kinywa. Mkuu ndiye huifunga, kwa ufunguo. Katikati ya hayo mawili, kinywa cha mpimaji ndicho sheria.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Fanya haraka, Chande yuko njiani na supu.”

Chande kweli alikuwa amekwisha kufika. Alisimama nje ya ukuta wa kioo na chupa ya supu ya Mama Ndimbo, kama kila asubuhi, na pembeni yake dada yake, Semeni, ameshika mabakuli. Aliyempa jina hilo alikuwa na haraka, maana Semeni alizaliwa kiziwi na hajasema kitu maishani mwake. Viziwi hawakupimwa. Jiji liliwahesabu kama watu wanaokunywa kwa mdomo wa mwingine, na mdomo wa Semeni alikuwa Chande: ndiye aliyemfungulia mlango wa chumbani, ndiye aliyemfungulia bomba.

Zabroni alijibana kikombe. Akasema i. Akasema u. Kisha akasema a, akaangusha taya mpaka akasikia kitu kikilia karibu na sikio. Mama Ndimbo alikuwa akiitazama ile chupa ya supu. Fremu ikajichora kwenye kioo, ndefu kidogo, nani angejua.

Nyamizi aliingia, akaketi, akasoma maneno yaliyopita mbele yake. Alisoma vizuri kama anatangaza maji ya jiji zima, na kila palipo na a aliufungua mdomo kwa madaha mpaka mlinzi mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba hivyo ndivyo watu waliosoma wanavyosema. Nukta zikaanguka mahali pake. Mafungu matano. Meza ikawaka kijani.

Zabroni alipumua kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

“Hongera, mwanangu,” Mama Ndimbo alimwambia Nyamizi. “Subiri hapo nje, utapewa cheti.” Kisha, mkono badala ya kwenda shingoni kwenye ufunguo, ukapunga kuelekea kioo. “Mwingize na Chande humuhumu. Muda wake wa kupimwa unaisha wiki hii.”

“Mama,” Zabroni alisema, “utaratibu si unasema—”

“Utaratibu nimeuandika mimi. Nifunge, nifungue tena, nifunge, kwa ajili ya mtu ambaye babu yake alichimba tangi la kwanza la jiji hili? Supu inapoa. Mwingize.”

*

“Yalaa! Baridi!” Chande aliruka kikombe kilipomgusa. “Mmenipaka nini kidevuni, mlenda?”

“Tulia, kaka Chande,” Zabroni alisema. “Sasa, ukisoma, tamka kwa nguvu. Fungua mdomo. Fungua sana.”

“Mpimaji haelekezi,” alisema Mama Ndimbo bila kugeuka.

“Anaogopa nitaimeza meza yake,” Chande alisema. “Usihofu, mdogo wangu, nimekula. Na mimi ni mtu wa Kilele, sisi tunasema kwa adabu, mdomo nusu. Mtu anayefungua mdomo mzima ana njaa au anadai.”

Walinzi walicheka. Chande akasoma. Maji. Kuku. Leo. Pika. Choma. Taka. Alisoma kama anavyotangaza supu, kivivu, sauti imepita puani kidogo. I yake ikapanda juu mbele. U juu nyuma. E na o zikakaa kati, kila moja fungu lake. A nayo ikashuka pale ilipokuwa ikishuka siku zote, na pale ilipokuwa ikishuka siku zote hapakuwa tena chini. Ikaning'inia. Chini yake fremu ilikuwa na nafasi tupu, na meza, ambayo haikujua kitu ila ilichoambiwa asubuhi ile, ikasoma nukta hizo kuwa e na o za chini, zile za Uwandani.

Meza ikawaka nyekundu.

Chande ndiye aliyecheka kwanza. “Meza yenu imelewa!”

“Rudia,” Mama Ndimbo alisema, na sasa alikuwa amegeuka.

Sheria iliruhusu mara mbili. Zabroni alisimama mbele ya Chande, mgongo umemkinga asionekane na Mama Ndimbo, akafungua mdomo wake polepole bila sauti, mpana, akamkazia macho. Fungua hivi, alitaka kumwambia. Chande alimtazama, akadhani anataniwa kama kila siku, akatabasamu kidogo. Kisha akatazama ile taa nyekundu na tabasamu likakauka. Mtu akiogopa hafungui mdomo, hubana. Alisoma mara ya pili kwa meno karibu yakutane, na a zake zikapanda juu zaidi.

Nyekundu.

“Zabroni,” Mama Ndimbo alisema. “Meza umeifungua vizuri?”

Jibu la kweli lilikuwa fupi: hapana, mama. Wapimaji huteleza, si jinai. Meza ingefungwa, Mama Ndimbo angeifungua kwa kinywa chake mwenyewe, na wote waliopimwa asubuhi ile wangepimwa upya. Wote wawili. Chande angerudi kwenye supu yake na hadithi ya kucheka mwezi mzima. Nyamizi, aliyekuwa amesimama nje ya kioo na mikono ameifumbata, angekaa tena kwenye kiti hiki, na kabla ya adhuhuri ulimi ule ulioamsha jiji ungekuwa na chuma katikati.

Aliwapima. Alikuwa mpimaji, hakujua kufanya jingine. Huyu wa juu, huyu wa chini. Huyu karibu, huyu mbali. Chande hakuwa na mke. Chande alikuwa na miaka ya kutosha. Supu ya Chande, ukiangalia kwa makini, ilikuwa na chumvi nyingi. Na yale maneno kuhusu jino, mbele ya watu, kila asubuhi, kwani ni heshima? Alishangaa mwenyewe jinsi makosa ya Chande yalivyokuja mbio mara tu alipoyahitaji.

“Nimeifungua kama siku zote, mama,” alisema.

“Basi weka kidole.”

Zabroni aliweka kidole gumba kwenye kioo cha hukumu. Kioo kilikuwa na uvuguvugu.

“Zabroni,” Chande alisema. Walinzi walikwisha kumshika mabega. “Zabroni, mdogo wangu. Sema basi umenitania. Ona, nimecheka.” Na akacheka kweli, ha ha, huku macho yanamtoka. “Nimecheka, sema sasa.”

Kila mtu alimtazama mpimaji. Mpimaji asiyetania siku ya kumshusha mtu angeonekana ana lake jambo. Akatafuta mzaha, na ole wake, akaupata.

“Kumbe ndiyo maana supu ilikuwa na chumvi,” alisema. “Tulikuwa tunakunywa machozi ya Uwandani.”

Walinzi walicheka mpaka mmoja akakohoa. Wakamfungua Chande kinywa. Kifaa cha pini kilikuwa kama koleo la mshona viatu, na kilipofanya kazi kilitoa mlio mdogo sana, mtu angedhani ni bisi imepasuka.

Chande hakulia. Aligeuka kwenye kioo alikosimama dada yake, akamwita kwa jina, kama alivyozoea kumwita ingawa hasikii. Ukatoka mguno tu, wa katikati, usio na juu wala chini, na damu kidogo. Walinzi hawakuelewa, Mama Ndimbo hakuelewa, Zabroni hakuelewa. Lakini midomo haikupigwa pini. Semeni alisoma midomo, kama siku zote, akaitika kwa kichwa. Tangu saa ile, katika jiji zima lenye watu wa masikio makali, aliyeweza kumwelewa Chande alikuwa kiziwi mmoja.

*

Semeni alikwisha kuyaweka mabakuli chini. Aliingia kwa mlango ambao walinzi walikuwa wameuacha wazi ili kumtoa kaka yake, na hakwenda kwa kaka yake, wala kwa Zabroni. Alikwenda kwa Mama Ndimbo, akapiga makofi mawili mbele ya uso wake.

“Mtoeni huyu,” Zabroni alisema.

“Mwache,” Mama Ndimbo alisema. “Kaka yake anashushwa. Mwache aseme lake.”

Semeni alimwonyesha Zabroni kwa kidole. Kisha akaitandaza midomo yake, pembe zikaenda masikioni: i. Akaiviringa: u. Walinzi walianza kucheka, maana alikuwa amemwiga mpimaji kwelikweli, hadi namna anavyoinua nyusi. Kisha akaangusha taya. Aliiangusha mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, mpaka gego la mwisho likaonekana, akabaki hivyo, kidole bado kinamwonyesha Zabroni. Hakuna sauti iliyotoka. Haikuhitajika.

“Anakutania, mpimaji,” mlinzi mmoja alisema. “Leo umepata mwenzio.”

Zabroni alitaka kucheka pamoja nao, akakuta uso haumtii.

Semeni alikwenda kwenye kioo, akakigonga pale Nyamizi aliposimama kwa nje. Akamwonyesha kwa kidole. Akaangusha taya tena. Ilikuwa taya ileile, pana ileile, mishipa ileile. Nyamizi alirudi nyuma hatua moja, mkono umeziba mdomo.

Kisha Semeni akamwonyesha kaka yake, akafungua mdomo kidogo tu, nusu, kwa adabu. Akamwonyesha mlinzi wa kwanza: kidogo. Mlinzi wa pili: kidogo. Akamwonyesha Mama Ndimbo mwenyewe, akauiga mdomo wake wenye meno ya mbele yaliyopishana, ukafunguka kidogo, kama a ya kila mtu aliyezaliwa Kilele na akafa Kilele. Akarudi katikati ya chumba, akanyoosha mikono yote miwili, kidole kimoja kwa Zabroni na kimoja kwa mwanamke wa nje ya kioo.

Hakuna aliyekuwa anacheka sasa.

Mama Ndimbo aliuvua ufunguo shingoni, akautia mezani, akaugeuza. Fremu ndefu ikapotea kwenye kioo. Akakichukua kile kikombe, akakifuta mlenda kwa ncha ya kanga yake, akakiangalia, akakifuta tena.

“Fungua meza,” akamwambia Zabroni. “Kama siku zote.”

Zabroni alijibana kikombe kidevuni. Akasema i, na i ikatoka. Akasema u. Ikabaki moja, ile ya chini, ambayo akiifungua sana watu wataiona, na asipoifungua sana meza itamwona Nyamizi. Alisimama na mdomo ameufumba. Nje ya kioo Nyamizi hakukimbia. Mlango wa nje ulikuwa ukisubiri kumsikia, naye hakuthubutu kusema neno.

Semeni alisogea karibu, akainama kidogo, akamtazama Zabroni mdomoni, akingoja.